Mbege na Vilabu vya Uchagani: Mambo Yanayofundishwa na Pipa

Mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, ikichanganywa jioni, kesho yake asubuhi inanyweka, mchana imekolea, na kesho kutwa imeshaanza kuchacha. Mtu akilishika hilo ameelewa karibu kila kitu kuhusu vilabu vya pombe vya Kilimanjaro: kwa nini vimejengwa jirani na migomba, kwa nini wapishi wanapeana zamu, kwa nini bei hulegea jua likizama, na kwa nini bia ya chupa, pamoja na nguvu zake zote za fedha, haijaifuta mbege mlimani. Tunaandika kwa ajili ya wanaotaka kuijua kazi yenyewe. Mapishi mengi yanayosambazwa yanasema tu "chemsha ndizi, weka ulezi, acha ichachuke", na yanaruka hatua zile zile zinazomwagisha watu mapipa.

Tuanze na ndizi, kwa sababu pombe mbovu nyingi huharibikia hapo. Inayopendwa ni ndizi ng'ombe, yenye maji mengi na sukari ya kutosha. Mchare, ndizi ya kupika, unaachiwa mtori na machalari, vyakula vya ndizi vya Uchagani. Mkungu hukatwa vidole vikiwa vimejaa na kona zake zimelainika. Nyumba za zamani ziliuweka darini juu ya meko, joto na moshi vikauivisha kwa muda wa wiki hivi. Wengine hufukia shimoni na majani ya mgomba. Siku ya kupika, ganda liwe la njano lote lenye madoa meusi, na tunda libonyee kwa kidole gumba. Ndizi iliyoiva nusu bado ina wanga ambao haujageuka sukari. Ukiipika unapata uji mzito usiochujika, hamira haina cha kula, na pombe inatoka tamu-chungu isiyo na nguvu. Iliyopitiliza, yenye maji yanayovuja na nzi wadogo, imeshaanza uchachu wake yenyewe, na uchachu huo hautoki hata ukichemsha kutwa nzima.

Kwa pipa la lita 200 la mbege iliyokamilika, mikungu mitano au sita ya wastani inatosha, sawa na kilo 60 hadi 70 za ndizi zilizomenywa. Zinapondwa au kukatwakatwa, zinatiwa maji kiasi cha lita 80 hadi 100, na zinachemka kwa saa tano au sita mpaka rangi igeuke kahawia nyekundu. Usijaze pipa hadi mdomoni, acha shubiri moja na nusu, maana povu la ndizi hupanda ghafla na kuzima moto. Mwiko mrefu usitoke mkononi mwa mtu saa mbili za mwisho: sukari ikishika chini ya pipa inaungua, na ladha ya kuungua inapita kwenye kila hatua inayofuata. Kuni ndizo gharama inayosahaulika. Jiko lililojengewa kwa udongo au matofali hula kuni chache sana kuliko mafiga matatu, na mpishi anayepika kila wiki atarudisha mapema gharama ya kulijenga.

Mchanganyiko huo uliopikwa, ambao Wachagga wengi huuita nyalu, unafunikwa na kuachwa upoe, kisha unachachuka wenyewe. Hakuna hamira ya dukani inayowekwa. Hamira hukaa kwenye chombo, kwenye mwiko, na hewani mwa banda la kupikia, ndiyo maana wapishi wazoefu hawasugui chombo cha nyalu kwa sabuni; hukisuuza kwa maji ya moto na kukianika. Wengi hutia pia kata moja au mbili za nyalu iliyopita kama mbegu, na hilo ni jambo la busara, kwa kuwa hamira iliyo hai inawahi kutawala kabla bakteria wa uchachu hawajashika nafasi. Muda unategemea mahali. Huko chini kuelekea Himo, siku tatu zinatosha. Juu karibu na msitu, baridi inaweza kuusogeza hadi wiki nzima. Usihesabu siku peke yake. Weka sikio: nyalu inayofanya kazi inasikika ikivuta na kutoa povu, makapi yanapanda juu na kutengeneza ukoko. Sauti ikipungua na makapi yakianza kuzama, imekaribia. Ukiona ukungu wa rangi juu ya ukoko, kijani au mweusi, usiukwangue ukaendelea, mwaga.

Kuchuja zamani kulifanywa kwa nyasi kavu zilizofungwa kwenye kikapu. Leo ni kitambaa cheupe cha pamba au chujio la waya laini. Hapa pana onyo tunalolisema bila kulipunguza: chandarua chenye dawa ya mbu kisitumike kamwe, hata kama kimefuliwa mara nyingi. Dawa ile imetengenezwa ikae kwenye nyuzi miaka, na pombe inaitoa.

Upande wa pili wa mbege ni ulezi, na ndio unaotofautisha mpishi na mpishi. Debe moja la ulezi mwekundu, kama kilo 18, ndicho kipimo kinachofaa kwa pipa la lita 200. Unapembuliwa, unaoshwa mpaka maji yatoke safi, unalowekwa usiku mzima, unachujwa maji, kisha unatandazwa juu ya majani ya mgomba na kufunikwa kwa gunia lenye unyevu. Utandazwe unene wa vidole viwili, usizidi. Ulezi unaoota unatoa joto. Ukiulundika, katikati panapata moto, punje zinakufa na ukungu unaingia. Nyunyizia maji asubuhi na jioni na uugeuze kwa mkono. Baada ya siku tatu vimizizi vimefika karibu nusu sentimita, na hapo unaanikwa juani siku mbili au tatu mpaka punje ivunjike kwa jino. Ukiuacha uote zaidi ya hapo, mmea unakula wanga uliokuwa uwe pombe yako. Kimea kikauke kweli kabla ya kusagwa. Kimea chenye unyevu kikiwekwa gunia la plastiki kinaota ukungu, na ukungu wa nafaka unaweza kuwa na sumukuvu, ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Unga wa kimea hupikwa uji, na wapishi wengi wapya hukosea kwa haraka. Kimea kina vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari, na vinafanya kazi hiyo vizuri kwenye joto la kati, takriban nyuzi 60 hadi 70. Maji yakichemka vimekufa. Ukimwaga unga kwenye maji yanayotokota unapata uji mzito, mweupe-mwekundu, usio na utamu. Koroga unga kwenye maji ya vuguvugu, weka moto wa pole, uache upande taratibu kwa saa moja au zaidi huku ukikoroga. Utaona uji ukianza kuwa mwepesi na kuonja tamu bila kutiwa chochote. Hapo ndipo unapoongeza moto uchemke.

Kisha msesewe. Ni gome la mti wa Rauvolfia caffra, unaokua kandokando ya vijito na mifereji, na ndilo linaloipa mbege uchungu wake. Gome hukaushwa, hupondwa, na kuchemshwa mpaka maji yawe ya rangi ya chai kali. Yanachujwa na kutiwa kidogo kidogo huku mpishi akionja. Hakuna kipimo kimoja, kwa kuwa gome la mti mkongwe lina uchungu kuliko la mti mchanga, na lililokaa mwaka limepoa. Kwa pipa zima, gome la kujaza viganja viwili linatosha kuanzia. Msesewe ni dawa pia, na ukizidi si uchungu tu unaopatikana bali tumbo na kichwa vya wanywaji vitasema. Wanaovuna wabandue ukanda mwembamba wa wima upande mmoja wa shina na kuuacha mti upone kabla ya kurudi. Anayezungusha panga shina zima ameua mti, na kuna maeneo ambayo msesewe sasa unanunuliwa kutoka mbali kwa sababu hiyo tu.

Uji ukipoa ndipo unachanganywa na maji ya nyalu yaliyochujwa, pamoja na msesewe. Upoe kweli. Chovya kiwiko: ukisikia joto, subiri. Uji wa moto unaua hamira iliyokuja na nyalu, na asubuhi utakuta pipa limelala, tamu, halina povu, na kufikia jioni limechacha bila kuwa pombe. Mchanganyiko mzuri uliofanywa saa kumi na mbili jioni unaanza kutoa povu kabla ya saa nne usiku, maana hamira ilikwisha kuwa nyingi kwenye nyalu. Na haishii hapo. Mbege inaendelea kuchachuka ikiwa inauzwa, kwa hiyo lita ya saa nne asubuhi na lita ya saa kumi na moja jioni si kinywaji kimoja. Ile ya asubuhi ni tamu na nyepesi. Ya jioni inakaribia au inapita nguvu ya bia ya kawaida, wakati mdomo bado unaiona ni uji. Mgeni wa mbege aelezwe hili kabla hajaagiza jagi la pili.

Sasa kilabu.

Kabla mbege haijawa bidhaa, ilikuwa ya shughuli: mahari, tambiko, mavuno, na kazi za pamoja. Ulezi wenyewe ulilimwa kwenye mashamba yaliyomwagiliwa na mifongo, ile mifereji ya kuteremsha maji kutoka msituni, na watu waliotoka kusafisha mfongo walinyweshwa mbege, aliyekwepa akatozwa mbege. Sehemu ya pombe ilipelekwa kwa mangi, yaani chifu. Kahawa ndiyo iliyobadilisha mwendo. Wakulima walianzisha chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters Association), mwaka 1925, na mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union) kikaandikishwa. Fedha ya msimu ikaingia mikononi mwa watu waliokaa karibu karibu, na akina mama waliojua kupika wakapata wanunuzi wasio jamaa zao. Serikali ya kikoloni nayo, tangu miaka ya 1920, ilitaka pombe za wenyeji ziuzwe kwa leseni na mahali panapojulikana, hasa kwenye miji na masoko, kwa ajili ya ushuru na kwa ajili ya kuona nani anakusanyika wapi. Kilabu cha pombe kilizaliwa katikati ya hayo mawili: fedha ya kahawa na karatasi ya leseni. Baada ya uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliendeleza mfumo wa leseni na saa za kuuza, na bwana afya akabaki mtu wa kuogopwa, kwa haki kabisa, kwa sababu kilabu kisicho na choo, maji ya kunawa na shimo la taka ni hatari kwa kijiji kizima.

Mwenye kilabu mara nyingi si mpishi. Yeye ana kiwanja, paa la bati, mabenchi, na leseni. Wapishi wanamlipa ushuru kwa kila pipa na wanauza wenyewe. Hesabu ya zamu inatoka kwenye uhai wa pombe. Mnywaji wa kawaida anakunywa lita mbili au tatu, kwa hiyo pipa la lita 200 linahitaji watu 70 hadi 100 kabla ya usiku. Kilabu kinachopata watu 100 kinabeba pipa moja kwa siku. Wapishi wawili wakileta mapipa siku moja, hakuna anayepata faida kubwa zaidi. Wote wawili wanabaki na nusu pipa inayochacha. Ndiyo maana kuvunja zamu ni kosa zito kuliko kupunja kipimo, na vilabu vilivyodumu ni vile ambavyo akina mama wenyewe walikaa wakapanga ratiba na kutozana faini.

Mpishi mwenye zamu ya Jumamosi anahesabu kinyumenyume. Ijumaa jioni anachanganya, mchana wake amechuja nyalu, asubuhi amepika uji ili upate muda wa kupoa. Jumatatu amechemsha ndizi, kama anaishi mahali pa joto la kadiri. Kama ni juu kwenye baridi, Jumamosi iliyotangulia. Wiki moja kabla ya kuchemsha, mikungu iko darini. Kimea hakibanwi na ratiba, kikiwa kikavu kinakaa wiki kadhaa, na mpishi makini anaotesha cha zamu mbili kwa mpigo wakati wa kiangazi kwa sababu masika hakuna jua la kuanikia. Wanaoshindwa biashara hii mara nyingi wanajua kupika. Kilichowashinda ni ndizi kuiva siku tatu mapema na kutokuwa na chombo kitupu cha nyalu cha kuzipokea.

Desturi ya kuonja kwanza ibaki. Anayemimina anakunywa kidogo mbele ya mnywaji kabla ya kumkabidhi, na meku, yaani mzee, aliyekaa pembeni atakataa kibuyu ambacho hakikuonjwa, bila hasira, kwa kukirudisha tu. Lakini kupokezana kata moja benchi zima kuna ubaya wake unaojulikana: magonjwa yanayopita kwa mate. Vilabu vizuri vimeliweka sawa hili: mwenye pombe anaonja kutoka kwenye kikombe chake, kisha kila mtu ana chombo chake, na beseni la maji ya moto liko karibu na pipa. Majagi ya lita moja yenye alama yamesaidia pia kumaliza ugomvi wa vipimo.

Vyombo vinastahili neno refu kuliko vinavyopewa. Mbege ni kali kwa tindikali. Pipa la chuma lenye kutu linaitia rangi nyeusi na ladha ya msumari. Ndoo ya bati lililopakwa zinki inamwachia mnywaji madini yanayomtapisha. Mapipa ya plastiki ya buluu ni mazuri kama yalibeba chakula, na ni sumu kama yalibeba viuatilifu au kemikali za kiwandani. Kuyaosha hakusaidii. Usilolijua historia yake usilinunue, hata likiuzwa nusu bei.

Kuna pia wanaochakachua. Ulezi haulimwi tena kwa wingi mlimani. Unatoka Singida, Kondoa na Rukwa, na kwenye pipa unagharimu kuliko ndizi. Kwa hiyo unga wa mahindi huingizwa kuziba pengo. Utaujua kwa mashapo meupe yanayotulia chini ya jagi ndani ya dakika chache, ilhali ulezi unabaki umeelea na rangi yake. Sukari ya dukani inaongeza nguvu lakini pombe inakuwa nyembamba na inachacha kwa kasi mchana. Hamira ya mikate inatoa povu jingi na harufu ya andazi. Na anayetia gongo ndani ya mbege afukuzwe kilabuni siku hiyo hiyo, kwa kuwa mnywaji anaamini anakunywa kitu chepesi na anaendelea na kipimo chake cha kila siku.

Bia ya chupa ilikuja na njia yake. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianza Nairobi mwaka 1922, mwaka 1936 kikaungana na Tanganyika Breweries chini ya jina la East African Breweries, na kwa miaka mingi Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kuinunua kwa uhuru; vizuizi vililegezwa baada ya vita vya pili vya dunia. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilichukua sehemu ya hisa za kiwanda cha Tanzania, Tanzania Breweries, mwaka 1993 kikabinafsishwa kwa kushirikiana na kampuni ya Afrika Kusini, na mwaka 1996 ikatoka bia yenye jina la Kilimanjaro. Baadaye Serengeti Breweries wakawa na kiwanda Moshi penyewe. Baa zikaongezeka barabarani, na vijana wenye mshahara wakahamia huko. Hata hivyo kilichovila vilabu zaidi hakikuwa chupa bali viroba, vile vipakiti vya pombe kali vilivyouzwa kwa bei ya chini ya lita ya mbege na vilivyokaa mfukoni bila kuchacha. Vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, vilabu kadhaa vilivyokuwa vimebaki na wazee watupu vilipata tena watu wa rika mchanganyiko.

Wengi wanauliza kwa nini mbege isifungwe kwenye chupa. Imejaribiwa. Ikifungwa ikiwa hai, inaendelea kuchachuka na chupa inapasuka. Ikichemshwa ili kuua hamira, uji unaganda chini na ladha mbichi ile inayopendwa inaondoka. Ikichujwa mpaka ing'ae, unachobaki nacho ni mvinyo wa ndizi, kama ule unaotengenezwa Arusha na Banana Investments, kinywaji halali kinachojitegemea ila si mbege. Kwa maoni yetu, juhudi hizo zingefaa zaidi zikielekezwa kwenye kilabu chenyewe: sakafu ya saruji, maji ya bomba, mapipa salama, miche ya msesewe na mkataba wa ulezi na wakulima wa Singida ili bei isipande ghafla.

Pombe inayobaki usiku ina matumizi yake. Iliyochacha kidogo huuzwa asubuhi kwa bei nafuu kwa wanaoipenda kali, na iwekwe wazi kuwa ni ya jana. Isichanganywe kamwe na pipa jipya, kwa sababu lita kumi za jana zinaweza kuharakisha uchachu wa lita 200 za leo. Makapi ya nyalu na machicha ya ulezi huenda kwa nguruwe na ng'ombe. Kwa ng'ombe yachanganywe na majani makavu na yasizidi ndoo ndogo moja kwa siku, maana akila mengi yaliyochachuka tumbo linajaa tindikali, anaacha kucheua, na maziwa yanakauka kabla mwenye nyumba hajajua sababu.